Firigisi Saba za Mama Nangila

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama uko jikoni unachagua mchele wa kesho, endelea kuchagua, lakini waambie hao watoto wapunguze kelele. Kama uko stendi hapa Nakuru umekalia gunia la viazi ukingoja gari la kwenda kwenu kijijini, ushago, sogea karibu na redio ya huyo muuza maji. Mimi ni Fancy Cheptanui. Leo ni tarehe ishirini na nne Desemba, na saa hii, mnavyojua, huwa nasoma salamu zenu za Krismasi. Leo sizisomi. Msinitumie meseji za kuniuliza kwa nini. Nitawaambia mwenyewe, na mkishasikia mtanikasirikia, na mtakuwa na haki.

Leo tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake ni Nangila. Nangila wa Shabab, hapa hapa mjini. Aliaga dunia tarehe tatu Januari mwaka huu, akiwa na miaka sitini na nne. Wengi wenu mnamjua, ila mnamjua kwa jina nililompa mimi. Ni yule Mama Firigisi.

Naam, yule. Aliyekuwa akituma salamu kila mwaka, tarehe kama hii, na salamu zake zilikuwa zile zile. Nitawakumbusha. "Ni Nangila wa Shabab, firigisi bado ipo. Namsalimia mume wangu Sitati hapa nyumbani, na mwanangu Maxwel huko Naivasha. Krismasi njema." Basi. Miaka sita alituma hivyo, na miaka sita nilisoma nikicheka. Nilimtania kwamba firigisi yake ni ya mawe, haiivi. Fundi wetu wa mitambo, Gachanja, alikuwa akiweka sauti ya jogoo hapo nyuma. Ninyi mlicheka, mimi nilicheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza huyu mama anasema nini.

Sasa sikilizeni alichokuwa akisema.

Nangila alizaliwa upande wa Bungoma, akaletwa Nakuru na ndoa akiwa msichana wa miaka ishirini na moja. Mume wake, Mzee Sitati, ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, na yeye mwenyewe alifanya kazi kiwandani miaka thelathini na miwili. Walipata watoto wawili. Mercyline ndiye mkubwa, ni fundi wa nguo za shule pale karibu na Top Market. Maxwel ndiye mdogo. Maxwel anafanya kazi Naivasha, kwenye shamba la maua, upande wa kufunga maua ya kusafirishwa. Huko ndiko alikopatia mke, Wachuka, msichana wa upande wa Bahati, si Mluhya, na wakazaa mtoto mmoja wa kike, Abby.

Mimi ni Mkalenjin wa Keringet. Kwetu kuku ni kuku. Ukipata paja unashukuru, ukipata shingo unashukuru hivyo hivyo. Lakini kwa Waluhya, wasikilizaji, kuku ana kiti chake mwenyewe. Ile firigisi, wao wanaiita imondo, ni ya mwenye boma. Hailiwi na mtoto, hailiwi na mgeni, hailiwi na mke. Bakuli likifika mezani, baba anaitafuta kwa kijiko, anaiona, na hapo ndipo watu wanaanza kula. Ni kipande kidogo tu kama gololi. Mercyline aliniambia kwamba baba yake alikuwa anakitafuna pole pole kweli, ili watu wote waone anakitafuna.

Krismasi moja, miaka minane iliyopita, Maxwel alimleta mke wake nyumbani Shabab kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameoana miaka mitano, lakini kila Krismasi kazi ya maua ilikuwa inawabana. Nyumba ilijaa. Watu wa Bungoma walikuja, wazee wa kanisa walikuja, viti viliazimwa kwa jirani. Nangila alifurahi akampa Wachuka jogoo na jiko, akamwachia kila kitu. Hiyo ni heshima. Bibi arusi kumpikia baba mkwe jogoo wa Krismasi ni heshima kubwa, na Wachuka aliijua kama heshima. Kitu kimoja tu hakukijua, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Abby alikuwa na miaka minne, na saa nane ilikuwa imepita akiwa hajala. Analia. Wachuka akachungulia sufuria, akatafuta kipande kisicho na mfupa, mtoto asije akakwamwa. Akakiona. Akampulizia, akampa. Abby akanyamaza.

Bakuli likafika mezani. Mzee Sitati akashika kijiko. Akatafuta juu, akatafuta chini, akainua shingo, akainua mgongo. Watu wanangoja. Akauliza, "Iko wapi?" Wachuka akajibu kutoka mlango wa jikoni, na Mercyline anasema alijibu akitabasamu, kwa sababu alidhani anaulizwa kama mtoto ameshiba. "Nimempa Abby, baba."

Hapo mtu angecheka na mambo yangeisha. Na mtu alicheka kweli. Mzee mmoja wa kanisa, rafiki yake Sitati wa miaka mingi, alicheka akasema, "Sitati, kumbe hili boma lina mwenyewe mwingine." Watu wa Bungoma nao wakacheka. Mzee Sitati akaweka kijiko chini. Akamwambia mwanawe, mbele ya wote, "Huyu mwanamke wako amenivua kofia kwangu mwenyewe. Mrudishe kwao akafundishwe, ndiyo umlete."

Maxwel akasimama. "Nikimrudisha, na mimi sirudi."

"Usirudi."

Wakaondoka. Walienda na mtoto mgongoni na nguo za Krismasi mwilini, chakula bado kinatoa moshi mezani. Nangila aliwakimbilia mpaka kwenye geti na upawa mkononi. Hakuna aliyegeuka.

Mnaona mambo ya familia yalivyo. Kipande kama gololi. Nikiwa mkweli kwenu, niliposimuliwa mara ya kwanza nilitaka kucheka tena, halafu nikamtazama Mercyline usoni nikaacha.

Kuanzia siku hiyo Mzee Sitati hakula firigisi. Alisema, "Sili mpaka huyo kijana alete adabu." Na Maxwel naye, mama akimpigia simu, alikuwa na neno moja. "Mama, alinifukuza mbele ya watu. Akinitaka, aniite mbele ya watu." Baba hapa, mwana pale, na Nangila katikati na sufuria. Kila Krismasi alichinja jogoo. Kila Krismasi aliweka firigisi mbele ya mzee, na mzee aliisukuma pembeni. Nangila hakuitupa. Aliifunga kwenye karatasi ya nailoni, akaandika mwaka, akaiweka juu kwenye friji, pale kwenye barafu. Stima ikipotea alikuwa anaifunika ile friji na blanketi mbili na koti la zamani la mzee. Tabby, jirani yake, alikuwa anamtania kwamba friji yake ina homa.

Kwa hivyo aliposema redioni kwamba firigisi bado ipo, alikuwa anawaambia watu wawili. Alimwambia mumewe kwamba mlango haujafungwa. Alimwambia mwanawe kwamba nafasi yake bado iko. Alitumia redio kwa sababu mwanawe alisema mbele ya watu, na yeye hakujua watu wengine wengi zaidi ya ninyi wasikilizaji wangu.

Mwaka wa tatu alijaribu njia nyingine, na afadhali asingeijaribu. Alimpigia Maxwel akamwambia, "Baba anakuita." Alidanganya. Alidhani wakionana tu, roho zitalainika. Maxwel akaja mpaka Shabab na kreti ya soda begani. Mzee alipomwona kwenye geti, aliingia chumbani akafunga mlango kwa ufunguo. Maxwel alisimama hapo nje kama dakika ishirini hivi. Kisha akaweka soda chini akarudi Naivasha. Tangu siku hiyo, neno la mama kuhusu baba hakuliamini tena. Likumbukeni hilo, litarudi.

Tunaingia mwaka jana.

Novemba mwaka jana, yule mzee wa kanisa aliyecheka alifariki. Sitati alienda mazishi, akarudi jioni, akakaa kwenye kiti chake na koti mwilini. Hakutaka chai. Mercyline alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia. Siku zikapita, mzee haongei sana. Halafu tarehe ishirini na tatu Desemba, baada ya chakula cha mchana, akamwambia mkewe, "Leta simu. Andika vile nasema."

Nangila aliandika kwa kidole kimoja. Mzee anasema, yeye anaandika, mzee anasema futa hiyo, yeye anafuta. Ilichukua karibu saa mbili. Mercyline alimwambia, "Mama, anza na maneno ya baba." Nangila akakataa. Akasema, "Fancy ananijua kwa firigisi. Akiiona anajua ni mimi." Kwa hivyo mwanzoni mwa meseji akaweka yale maneno yake ya kila mwaka. Halafu chini yake akaweka ya mzee. Akaihifadhi aitume kesho yake mchana, kipindi kikianza.

Jioni hiyo alimpigia Maxwel. "Kesho sikiliza redio. Baba yako atakuita, mbele ya watu, vile ulisema."

"Mama, usinidanganye tena."

"Sikiliza tu."

Maxwel alisikiliza. Siku ile kazini aliomba msimamizi aongeze sauti. Wachuka alikuwa ameshafunga mfuko wa nguo. Alikuwa ameshamsuka Abby nywele. Abby alikuwa na miaka kumi na moja sasa, na alikuwa akiuliza kama kukhu, yaani nyanya yake, atamkumbuka.

Na mimi nilikuwa hapa. Kiti hiki hiki.

Nitawaeleza vile salamu zinavyokuja, ili msidhani natafuta pa kujifichia. Meseji zenu zinaingia kwenye kompyuta, moja chini ya nyingine, na ninachokiona ni mstari wa kwanza tu. Nikitaka kuona yote nabonyeza, inafunguka. Tarehe ishirini na nne Desemba mwaka jana ziliingia meseji mia mbili na kumi na tatu. Matangazo ya biashara yalikuwa mengi, muda mdogo, na mimi usiku huo nilikuwa nasafiri Keringet. Nikaona mstari mmoja. "Ni Nangila wa Shabab, firigisi bado ipo." Sikubonyeza. Nilimwambia Gachanja huyu tumemzoea. Halafu nikasema hewani, na rekodi ipo, nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa, nikasema, "Mama Firigisi naye ametuma, ni yale yale. Krismasi njema, mama. Twende kwa mwingine."

Ni yale yale. Hayo ndiyo maneno yangu. Na jogoo wa Gachanja akalia hapo nyuma.

Maxwel alisikia. Alisikiliza mpaka kipindi kikaisha, labda nitarudi kwake. Sikurudi. Wachuka ananiambia aliingia nyumbani, akaangalia ule mfuko, akasema, "Fungua utoe nguo. Ni yale yale."

Na huko Shabab je? Stima ilikuwa imepotea tangu saa sita. Redio ya mzee haikuwa na betri, na mzee hakutaka kwenda kwa jirani kusikia maneno yake mwenyewe yakisomwa. Aliona haya. Nangila alikuwa amekwenda sokoni kutafuta jogoo. Aliporudi, Tabby akamwita juu ya ua. "Mama Firigisi, umetajwa redioni saa hii." Tabby hakukosea, nilimtaja kweli. Nangila akaingia ndani akamwambia mumewe, "Imesomwa."

Siku ya Krismasi, Mzee Sitati alivaa suti saa tatu asubuhi. Suti ya kijivu, ile aliyopewa alipostaafu. Akatoa kiti nje akakiweka kuelekea geti. Mezani Nangila aliweka sahani sita, yao wawili, Mercyline, Maxwel, Wachuka na Abby. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Saa tisa mzee akauliza, "Ulituma kweli?"

"Nilituma."

"Na ilisomwa?"

"Tabby alisikia."

Mzee akavua koti. "Basi. Nimejivua nguo mbele ya Kenya nzima, na kijana wako amekaa kimya." Akaingia chumbani. Chakula hakikuliwa. Jogoo alikaa kwenye sufuria mpaka mafuta yakaganda.

Nangila akampigia mwanawe. "Ulisikia redio?"

"Nilisikia, mama. Yale yale."

"Yale yale gani?"

Maxwel akakata simu akaizima. Mercyline akaona hapa kuna kitu. Akachukua ile meseji kwenye simu ya mama, akaituma kwa Wachuka. Wachuka akamwonyesha mumewe. Na Maxwel, mnakumbuka ile kreti ya soda, akasema, "Hiyo ni simu ya mama. Mama anaweza kuandika chochote. Kama ni ya mzee, ingesomwa."

Nangila akaenda kwa mumewe akamwambia labda haikusomwa yote. Mzee hakufungua mlango. Alijibu kutoka ndani, "Umeniaibisha vya kutosha. Wachana na hayo maneno."

Sasa mtu wa kuwasaidia hao watu alikuwa mmoja tu. Fancy. Fancy alikuwa Keringet likizo, anachimba viazi, anakula nyama na ndugu zake, simu ya kituo ameiacha ofisini. Hapa mlikuwa mnapigiwa muziki tu. Tarehe ishirini na sita Nangila alituma meseji. Naisoma. "Fancy, pole kwa kukusumbua. Ile meseji yangu ya juzi uliisoma yote? Mzee ananiuliza na kijana ananiuliza. Kama hukusoma si vibaya, isome tu leo." Tarehe thelathini akatuma nyingine. Ina maneno mawili. "Fancy, bado."

Tarehe tatu Januari alikuwa anaanika nguo, mchana wa jua. Tabby alimwona akishika kamba kama anataka kukaa. Alikuwa na pressure kwa miaka mingi. Walimpakia kwenye gari la jirani. Hakufika hospitali.

Nilirudi kazini tarehe sita. Nikafungua kompyuta, nikaona "Fancy, bado." Nikacheka kidogo, Mungu anisamehe. Nikabonyeza kuona ya nyuma yake, nikabonyeza na ya nyuma zaidi. Nilipomaliza kusoma nilipiga ile namba. Ikapokelewa na sauti ya mwanamke. Nikasema, "Ni Fancy wa redio, nampata Mama Nangila?" Mercyline akaniambia, "Mama ameenda. Tunazika Jumamosi." Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Kwani uliisoma?"

Nilienda mazishi. Walimzika kwenye kiploti chao kule Njoro. Watu walikuwa wengi. Mzee Sitati aliketi mstari wa mbele, upande wa kulia, suti ile ile ya kijivu. Maxwel alisimama nyuma kabisa, upande wa kushoto, na mkewe na mtoto. Nilimwendea mzee kwanza. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikamwambia, "Mzee, ile meseji sikuisoma. Makosa ni yangu."

Akasema, "Kumbe kijana hakusikia."

"Hakusikia, mzee."

"Na mimi nikamfungia mama yake mlango siku tisa."

Nilimwomba niisome pale pale, kipaza sauti kilikuwepo, watu walikuwepo. Mbele ya watu, vile walivyotaka wote wawili. Akatikisa kichwa. "Hapana, dada. Nilisema kwa sababu yake. Nilisema mara moja. Sina nguvu za kusema tena."

Nikaenda kwa Maxwel. Nikamwambia ni mimi sikuisoma, nikampa simu yangu yenye meseji ile, akaisoma upya kwenye kioo mwenyewe, midomo inatembea. Akanirudishia. "Ningesikia hii siku ile, ningekuja kwa miguu kutoka Naivasha." Nikamwambia, "Basi nenda. Baba yako yule pale, hatua thelathini." Akaangalia kule mbele, akaangalia jeneza. "Nilikuwa nakuja kwa mama. Sasa nikuje kwa nani?"

Nilimsukuma, wasikilizaji. Nilimshika mkono kabisa kama mtu anavyomvuta mbuzi. Hakwenda. Kila mmoja alitupa mchanga wake kwa upande wake, na kila mmoja akaondoka na gari lake.

Kabla hawajaondoka kulikuwa na chakula. Mama mmoja akamwekea Abby kipande cha kuku kwenye sahani, na Abby akakirudisha. "Mimi sili kuku." Wachuka akanivuta pembeni akaniambia. Abby alipokuwa darasa la kwanza, mtoto wa jamaa yao alimwambia, "Wewe ndiye ulikula firigisi ya kuka ukavunja boma." Kuka ni babu. Hajaonja kuku tangu siku hiyo. Nangila alikuwa akimwambia kwenye simu kwamba si yeye, na Abby alikuwa akimjibu, "Sawa, kukhu," na halafu hali kuku. Siku ya mazishi aliniuliza swali moja tu. Aliniuliza kama kukhu alikufa akiwa amekasirika naye. Nilimwambia hapana, na nikaona hakuniamini. Kwa nini aniamini mimi?

Mkinisikia nikisema Mungu atafanya njia, mnajua sisemi kweli. Mwaka umeisha. Nimewapigia simu hao wawili mpaka wamechoka na mimi. Maxwel anapokea kwa heshima, ananiambia, "Tumesikia, dada," na kesho yake ni vile vile. Mzee alimpa Tabby redio. Alisema hana kazi nayo. Mwezi wa tisa akachomoa friji, akasema inakula stima bure na ndani hamna kitu. Mercyline alipokuja Jumapili alikuta maji sakafuni. Pale juu kulikuwa na karatasi saba, zimefungwa vizuri, kila moja na mwaka wake kwa mwandiko wa mama. Alizichukua zote akazifukia nyuma ya nyumba, chini ya sukumawiki. Mzee hakuuliza anachimba nini.

Kesho ni Krismasi. Mzee Sitati atakuwa peke yake mpaka Mercyline afunge duka. Naivasha kutakuwa na watu watatu, na wamenunua nyama ya ng'ombe.

Kwa niaba yangu, na ya Gachanja, ambaye ile sauti ya jogoo aliifuta na hajaiweka tena, natoa pole kwa familia. Pole, Mzee Sitati. Pole, Maxwel. Wachuka, pole, wewe ndiwe uliyetukanwa kwanza na hujawahi kuombwa msamaha na mtu. Mercyline, pole kwa kubaki na kila kitu. Nangila alitaka watu sita kwenye meza moja, hicho tu, na hakukipata, na mkono wangu upo humo.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, mjiulize kitu kimoja mkilala leo. Kuna mtu gani nyumbani kwenu anayesema maneno yale yale kila mwaka, mpaka mmeacha kumsikiliza? Sina ushauri. Mtu wa kutoa ushauri hapa si mimi.

Mercyline aliniomba jambo. Alisema, "Mama alituma isomwe. Isome." Nilimwambia baba yako hana redio tena, na sidhani kama kaka yako anatusikiliza. Akasema, "Najua. Isome tu."

Leo sina matangazo. Gachanja ameyaondoa yote. Nimebonyeza, imefunguka, naisoma pole pole, yote, kama Nangila alivyoniomba.

"Ni Nangila wa Shabab, firigisi bado ipo. Fancy, leo usicheke, soma yote, haya ni maneno ya mzee mwenyewe na hatarudia. Maxwel, ni mimi baba yako. Nilikufukuza mbele ya watu, nakuita mbele ya watu. Wachuka hakunivua kofia. Alilisha mtoto mwenye njaa. Yule aliyenicheka tumemzika, na mimi nimebaki na hasira ya mtu aliyekufa. Kujeni kesho wote, kabla ya saa saba. Mama yenu anatafuta jogoo mwekundu. Firigisi ya mwaka huu ni ya Abby."